Tumbusi wa Nyuma ya Machinjio

Hospitali ya mji, chumba cha sindano
Jumapili, tarehe 3 Machi

Shikamoo Shangazi,

Keti kwanza. Kama kuna mteja dukani, muuzie aende zake, halafu ndiyo usome. Nina furaha kupita kiasi na sitaki usome barua hii kwa kuruka mistari.

Wamenisikiliza! Mimi, nesi wa chumba cha sindano, ambaye mganga mkuu hajui hata jina lake na huniita "wewe wa kule mwisho", nimesimama mbele ya kikao cha afya na daftari langu nikasoma: tangu Januari watu thelathini na mmoja wameumwa na mbwa. Mwaka juzi, mwaka mzima, walikuwa tisa. Nikawaambia ishirini na sita kati ya hao wametoka huko kwako, mji wa mnada wa ng'ombe. Nikawaeleza habari za yule mchunga aliyefia wodini mwezi uliopita kwa kichaa cha mbwa. Nilimshika mkono, Shangazi. Alikuwa na kiu kali, lakini kila nikimsogezea kikombe koo linajifunga na macho yanamtoka. Mtu mzima, mwenye nguvu za kuangusha fahali, anaogopa kikombe cha maji.

Bwana Afya akaniuliza, "Sasa nesi, unataka tufanye nini?"

Nikasema, "Muwaue."

Imepita! Jumamosi tarehe 23 wataweka nyama yenye sumu pale dampo la mizoga nyuma ya machinjio, mbwa wanapolala makundi kwa makundi. Siku moja tu na kazi imekwisha. Kwa hiyo siku hiyo mfungie mbwa wako ndani, na wafugaji wote wanaokuja dukani uwaambie wafanye hivyo hivyo. Wewe watakusikia. Wewe, wanayekuita Mama Sindano, ukisema nani atabisha?

Kuna mwanamke mmoja ameumwa kifundo cha mguu wiki iliyopita, karibu na stendi ya huko kwenu. Anachomwa dozi zote na anaendelea vizuri. Lakini nikimfikiria yeye napata hasira mpya, na ndiyo hasira iliyonisimamisha kikaoni.

Usinilaumu kwamba sijapiga simu. Wewe ndiye uliyesema mambo ya maana hayasemwi kwenye simu wakati duka limejaa masikio. Dereva wa gari la maziwa amekubali kuwa posta yetu, kwenda na kurudi.

Mpwa wako, ambaye leo kichwa kimemvimba hadi kofia haiingii,
Chiriku


Dukani
Alhamisi, tarehe 7 Machi

Chiriku mwanangu, marahaba.

Nimeketi kama ulivyoamuru. Mteja nimemwambia asubiri. Anataka dawa ya kupe, na kupe hawana haraka.

Nimefurahi kwamba wamekusikiliza. Nilijua yatafika huko tangu ulipokuwa darasa la pili, ukimjibu mwalimu hadi anasahau alichouliza. Lakini habari ya yule mchunga imenikata maini. Nilimfahamu. Kila siku ya mnada alipita hapa, anapiga mluzi kabla hajaingia ili nijue ni yeye. Nilisikia amefariki. Sikujua kwamba aliyemshika mkono ni wewe.

Sasa nikuulize swali la kijinga. Mbwa wote hawa wametoka wapi? Mbwa haoti ardhini kama uyoga. Anazaa pale anapopata chakula. Na chakula wanakipata wapi? Njoo usimame mlangoni kwangu upepo ukigeuka, pua yako itakujibu. Zamani ng'ombe akifia mnadani aliburutwa nyuma ya machinjio, na kabla walioburuta hawajanawa mikono, tumbusi walishatua. Wanasukumana, wanatukanana kama watu kwenye foleni ya maji, na saa moja baadaye imebaki mifupa mitupu. Siku hizi mzoga unalala pale siku tano, siku sita. Mbwa wanakula, wanalala ubavuni pake, wanazalia hapo hapo.

Na tumbusi wako wapi? Jumatatu nimemwona mmoja juu ya ukuta wa machinjio. Shingo imelegea, kichwa kinashuka polepole, kinashtuka, kinashuka tena, kama mzee anayesinzia mkutanoni. Siku tatu hivyo hivyo. Leo asubuhi ameanguka. Nimemtia kwenye gunia nikampeleka kwa daktari wa mifugo, na njia nzima watu wananicheka: "Mama Sindano ameanza kuuza kuku wa aina mpya!" Wacheke. Mimi nataka kujua. Moyo unanidunda kama msichana wa miaka kumi na minane. Kuna kitu hapa, Chiriku, nakisikia kinakuja.

Usiweke sumu kabla hatujakijua. Ile nyama haitamuuliza anayekuja kuila kama yeye ni mbwa.

Na huyo mwanamke wa kifundo cha mguu, ana mtu wa kumpikia?

Shangazi yako


Hospitali ya mji
Jumapili, tarehe 10 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nikuambie ukweli, barua yako niliisoma mara ya kwanza nikaitupa kitandani. Mimi nahesabu watu, wewe unanihesabia ndege! Nikasema, Shangazi anamwonea huruma mbwa wake, anatafuta njia ya kuzunguka. Nikaenda kazini nimenuna.

Lakini swali lako la kijinga halikunipa raha. Nikiwa nachoma sindano, linakuja. Nikila, linakuja. Jana mchana nikamwomba karani wa kumbukumbu anifungulie kabati, nikatoa daftari za miaka minne, nikakaa nazo sakafuni. Nikachora ramani ya mji wako nyuma ya bango la chanjo: stendi, mnada, duka lako, machinjio, shule. Kila aliyeumwa nikamwekea nukta ya wino mwekundu mahali alipoumwa.

Shangazi! Laiti ungeiona! Nukta zimejaa nyuma ya machinjio kama siafu waliomwagiwa sukari, halafu zinapungua kadiri unavyotoka nje. Na siyo hilo tu. Miaka ya nyuma nukta ni chache, zimetawanyika. Zinaanza kuongezeka mwishoni mwa mwaka juzi. Mwaka jana ishirini na mbili. Mwaka huu hata miezi mitatu haijatimia! Karani alidhani nimepandwa na homa, maana nilikuwa nacheka peke yangu sakafuni, tena nacheka juu ya jambo lisilochekesha.

Niambie haraka: tumbusi walianza kupungua lini? Mwezi gani, mwaka gani? Na daktari amesema nini kuhusu yule wa guniani?

Lakini tuelewane. Tarehe 23 iko pale pale. Mbwa walioko leo wanauma leo.

Chiriku

Yule mwanamke anajipikia mwenyewe. Ana miguu miwili, mmoja tu ndio ulioumwa.


Dukani
Alhamisi, tarehe 14 Machi

Chiriku,

Dereva anapiga honi, kwa hiyo naandika kifupi.

Daktari amempasua yule ndege. Ndani ini na moyo vimefunikwa na unga mweupe kama chokaa, na figo zimekufa. Anasema ni ugonjwa wa ndege tu, huwapata.

Ulivyouliza lini walianza kupungua, sikumbuki. Mambo ni mengi dukani.

Hilo la tumbusi tuliache. Lakini na sumu pia iacheni.

Kula vizuri.

Shangazi yako


Hospitali ya mji
Jumapili, tarehe 17 Machi

Shangazi,

Shikamoo naitoa kwa sababu umenilea, lakini leo nimekasirika na nimefurahi kwa pamoja, na sijui nianze na lipi.

Wewe hukumbuki? Wewe unayekumbuka jino langu la kwanza liling'oka siku gani na nililitupa wapi? Barua yako ya Alhamisi imeandikwa na mtu mwingine. Haina hata mzaha mmoja. Nimeisoma mara tatu nikasema, Shangazi ananificha.

Basi Ijumaa nimeomba ruhusa nikampigia daktari wa mifugo kutoka ofisi ya matroni. Nikajitambulisha kuwa ni mpwa wa Mama Sindano. Akasema, "Hajakuambia?"

Amenieleza yote. Ule unga mweupe si ugonjwa wa ndege. Figo za tumbusi haziwezi kuhimili ile sindano ya maumivu wanayochomwa ng'ombe. Ng'ombe akichomwa leo akafa kesho, dawa bado imo nyamani. Tumbusi akila, siku chache anainamisha shingo na kufa. Mzoga mmoja unatosha kuua kundi zima, kwa sababu hawali mmoja mmoja. Tumbusi wakiisha, mizoga inabaki. Mizoga ikibaki, mbwa wanaongezeka. Mbwa wakiongezeka, mimi nachora nukta nyekundu. Shangazi, nilisimama na simu mkononi nywele zimenisimama! Kutoka sindano ya ng'ombe hadi kikombe cha maji cha yule mchunga, ni njia moja, hakuna mahali inapokatika!

Nikamuuliza, "Hiyo sindano inauzwa wapi?"

Akasema, "Muulize shangazi yako. Mimi nilimuuliza, akasema ana wateja."

Sasa sikia na ya kwangu, maana siwezi kukunyooshea kidole huku nimeficha mkono mwingine nyuma. Yule mwanamke wa kifundo cha mguu ni mimi. Tulikuja huko kwenu kuchanja watoto, nikachepuka kwenda kununua maji karibu na stendi, mbwa akatokea nyuma ya kibanda. Gari la hospitali likanirudisha mbio. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungefunga duka uje ulale chini ya kitanda changu. Nimebakiza dozi moja. Niko salama, usianze kulia.

Kwa hiyo tumefichana wote wawili. Tuyaache hapo, kwa sababu hatuna muda. Nimekwenda kwa Bwana Afya na ramani yangu kumwambia asimamishe sumu. Tumbusi waliobaki nao watashuka kwenye ile nyama, watakufa mara moja wote, na mwakani tutakuwa na mbwa wengine maradufu. Amenitazama. "Nesi, si wewe uliyepiga kelele tuwaue? Nimeshaagiza." Anasema bila mtu wa kuthibitisha kwamba hiyo dawa inauzwa kweli na tangu lini, ramani yangu ni mchoro tu. Kuna kikao Alhamisi saa nne asubuhi.

Mtu wa kuthibitisha ni mmoja tu duniani. Sikulazimishi.

Chiriku


Dukani
Jumanne, tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Umenifanya nilie mbele ya mteja, na mteja mwenyewe alikuwa na deni la maneno nami tangu mwaka jana, kwa hiyo amefurahi sana.

Umeng'atwa mita mia mbili kutoka mlangoni kwangu. Nilikuwa humu humu ndani, huenda nilikuwa napanga chupa. Nikimaliza kukukasirikia nitakusamehe. Bado sijamaliza.

Nakumbuka, Chiriku. Mwezi wa nane, mwaka juzi. Mchuuzi wa dawa alishusha katoni ya kwanza hapo barazani. Siku hiyo hiyo akaja mzee mmoja na ng'ombe wake wa maziwa amelala kwenye mkokoteni, amevunjika nyonga, anakoroma kwa maumivu hadi watoto wa shule wameziba masikio. Nikamchoma mwenyewe. Kabla jua halijageuka yule ng'ombe akanyanyua kichwa akaanza kutafuna. Mzee akanishika mikono yote miwili. Tangu siku ile nikawa Mama Sindano. Unajua jina hilo lilivyonifurahisha? Mwanamke ambaye hakuolewa, hakuzaa, ana duka la dawa za kupe, sasa watu wanatoka mbali kumwita mama.

Wafugaji wakaanza kuwachoma hata ng'ombe wanaokufa, ili wafe kwa utulivu. Ni huruma ile. Nami niliwasifu. Na waliokufa wakaburutwa nyuma ya machinjio.

Daktari aliponiuliza, nilikuwa nimeshaanza kujua. Nilijua nilipoona ule unga mweupe, kwa sababu alinitazama mimi, hakumtazama ndege. Nikamwambia nina wateja. Nikatoka. Nikakuandikia ile barua ya uongo nikiwa nimesimama, sikuweza hata kuketi.

Kuna jambo halinitoki. Yule mchunga aliyekuwa anapiga mluzi, mimi ndiye niliyemchomea ng'ombe wake watatu. Je, mkono wangu ulimfikia? Usinijibu haraka kwa kunihurumia. Lifikirie.

Katoni zote nimezitoa rafuni. Zimejaa baraza, watu wanauliza kama nahama. Daktari amenipa jina la dawa nyingine, inayotuliza maumivu vile vile na haiwadhuru tumbusi. Nimeiagiza. Na nimemwambia dereva wa maziwa aniwekee nafasi mbele Alhamisi alfajiri. Nakuja. Nitavaa lile gauni la bluu, kwa hiyo usiniaibishe kwa kuvaa zile kandambili zako.

Naogopa, na wakati huo huo nataka Alhamisi ifike sasa hivi. Sijawahi kuwa hivi tangu utotoni.

Shangazi yako


Hospitali ya mji
Alhamisi, tarehe 21 Machi, alasiri

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Gari la maziwa limekuchukua saa saba na kura imepigwa saa nane! Ungesubiri saa moja tu! Lakini maziwa ya jioni yanayomsubiri huko yangeganda, najua, na dereva angetuganda sote.

Sikiliza kilichotokea ulipotoka, baada ya kuwaeleza yote kwa kinywa chako.

Wajumbe walipobaki wenyewe, kiongozi wa wafugaji, mzee yule, akasimama, amekasirika kweli kweli. "Mwanamke huyu amekuja na katoni zake anatuambia tusichome. Fahali wangu akivunjika mguu nimwambie nini? Avumilie kwa ajili ya ndege wa mizoga?" Watu wakapiga meza. Nikaona tunapoteza. Nikasimama hata sikuitwa. Nikamwambia, "Baba, hakuna aliyesema fahali wako aumie. Dawa nyingine ipo, inakuja wiki ijayo. Tunachokuomba ubadilishe chupa tu."

Bwana Afya akasema, "Na mbwa je? Nesi, wiki tatu zilizopita ulitwambia tuwaue."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikapandisha mguu juu ya kiti, mbele ya mganga mkuu na wote, nikafungua bandeji. Nikasema, "Namba thelathini na moja kwenye daftari ni mimi. Nilisema muwaue kwa sababu nilikuwa na maumivu na hasira, na nilimwona mtu akifa. Leo nafuta kauli yangu. Nilikuwa natazama watu peke yao. Shangazi yangu alikuwa anatazama ng'ombe peke yao. Wote wawili tulikuwa na huruma, na hakuna aliyegeuza shingo kuangalia huruma yake inaangukia wapi."

Bwana Afya akatabasamu kidogo, akasema basi sawa, tumbusi ni wafanyakazi wake wa usafi, anawahitaji kazini. Watu wakacheka. Unajua nani alijibu? Daktari wa mifugo, ambaye hajawahi kusema neno kikaoni. "Na wangekuwa hawakufanyii usafi wowote? Ungewaua tu?" Jibu lake, Shangazi, mimi bado silijui vizuri. Lakini swali hilo liliwakalisha.

Kura: tisa kwa nne. Sumu imesimamishwa! Masharti ni haya: tuwachanje mbwa wote wa mji wako, mzoga wowote uliochomwa ile dawa uzikwe kina cha mtu mzima, na ile mingine waachiwe tumbusi. Ikifika Julai na watu bado wanaumwa vile vile, sumu inarudi. Kwa hiyo hatujashinda, tumepewa nafasi tu. Lakini mimi nimecheza peke yangu chumba cha sindano hadi mgonjwa akaomba achomwe na nesi mwingine.

Sasa lile swali lako. Ulisema nisijibu haraka, na nilikuwa bado nalifikiria. Halafu leo yule mjane wa mchunga akasimama nyuma ya chumba na mtoto mgongoni, akakuuliza mbele ya watu wote, "Kwa hiyo mume wangu aliuawa na mbwa, au na wewe?" Nilitaka kuruka nikuzibe masikio. Nawe ukamwambia, "Sijui, mwanangu. Lakini nimo."

Sina jibu bora kuliko hilo. Na mimi nimo. Mbwa tulioacha kuwachanja miaka yote, hospitali hii imo.

Aliondoka hapo hapo. Nilimfuata hadi getini, sikumpata.

Pumzika kesho. Jumamosi tunapanga chanjo.

Namba thelathini na moja,
Chiriku


Dukani
Jumapili, tarehe 28 Aprili

Chiriku mwanangu,

Umeondoka jana na gari la hospitali kabla ya saa sita kwa sababu ya wodi yako, na umekosa mambo. Naandika vidole vimevimba, nina mkwaruzo wa kucha hapa shingoni, na sijafurahi hivi miaka mingi.

Nikuambie kwanza mabaya, nisije nikaonekana napamba habari. Wateja wamepungua. Mmoja amehamia kwa mchuuzi wa barabarani ambaye bado anauza ile ya zamani kwa siri. Nimempeleka daktari akazungumze naye, tutaona. Wiki iliyopita dawa mpya ilichelewa siku nne na mzee mmoja akaniletea ndama aliyegongwa na pikipiki. Sikuwa nayo. Ile ya zamani ilikuwepo, katoni moja bado haijachukuliwa. Ndama analia, mzee ananitazama, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye katoni. Nikamchoma, Chiriku. Sikuweza kumwacha alie. Nikamwambia mzee, akifa usimtupe, niite. Alikufa Ijumaa. Nikaenda na jembe, nikachimba na mzee yule na wanawe hadi mabega yakawaka moto. Bwana Afya alipita akasimama kututazama, kisha akavua koti akaomba jembe. Nilimpa tu lililokuwa zito zaidi.

Sasa mazuri. Uliacha foleni ya chanjo imefika goli la kwanza. Ulipoondoka ilifika goli la pili! Uwanja mzima wa mpira, mbwa na watu! Mbwa wa kamba, mbwa wa waya, mbwa waliobebwa kwenye beseni, bibi mmoja amemfunga wake na mkanda wa marehemu mumewe. Fundi cherehani ameleta mbwa aliyemwiba kwa jirani, anasema jirani ni mvivu. Mchinjaji mkuu, yule mwenye sauti ya radi, alifumba macho mbwa wake alipochomwa akaomba akae chini.

Lakini wale wa dampo, wasio na mwenyewe, nani atawashika? Vijana wa daktari waliwatupia nyavu, wanachoropoka. Tukawa tumekata tamaa. Ndipo akaja yule mjane.

Alikuja na mtoto mgongoni, akamfungua, akanipa mimi nimshike. Hakunisalimu. Akachukua kipande cha utumbo kwenye ndoo, akaenda kuchuchumaa katikati ya wale mbwa kana kwamba yuko jikoni kwake. Mume wake alikuwa anafuga mbwa wa machungani, yeye ndiye aliyekuwa akiwalisha. Akawaita kwa ulimi, sauti ndogo. Mmoja akaja. Akamshika shavuni, akamgeuza shingo, akamwambia kijana wa daktari, "Choma." Akaja wa pili. "Choma." Nilikuwa nimesimama na mtoto wake kifuani nikahesabu hadi arobaini na tatu. Alikuwa na kila sababu ya kuwachukia mbwa kuliko mtu yeyote uwanjani pale.

Juu yetu walikuwa wanazunguka tumbusi wanne. Wanne tu. Zamani wangekuwa mia. Walitazama, wakazunguka, wakaenda kutua kwenye mifupa ya juzi. Mtoto akawanyooshea kidole akacheka.

Jua lilipoanza kulainika, mjane akaja kunawa kwenye ndoo yangu. Nikaona sasa ndiyo wakati, nitamwomba msamaha kama mtu mzima. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu siku ya kikao. Nikaanza, "Mwanangu, kuhusu mume wako..."

Akanikatiza. "Shangazi, usiniambie. Sijui nitakujibu nini, na nimechoka." Akafuta mikono kwenye khanga, akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni. Nikadhani anaondoka kama siku ile. Akasimama, akatazama ng'ambo ya machinjio, kule kwenye vichaka ambako kuna kundi jingine.

"Wale hatujawafikia," akasema. "Kesho tunaanza saa ngapi?"

Chiriku, nimeinua vidole viwili kama mtoto wa shule. Akaitikia kwa kichwa, akaenda.

Leo nimefika saa mbili kasoro. Alikuwa ameshafika.

Shangazi yako